Ustadi wa Kumwaga

Rubani wa ndege ya kunyunyizia dawa huruka mita tatu hivi juu ya mimea, kwa mwendo unaoweza kuzidi kilomita 200 kwa saa. Marubani wa kazi hii ndio waliowinda nzige waliovamia Kenya mwaka 2020, na ndio wanaowafuata kwelea kwelea wa Tanzania jua linapotua. Injini ikizimika karibu na ardhi hivyo, muda uliobaki ni wa pumzi chache. Namsifu rubani huyu kwa jinsi anavyojua cha kupoteza ndani ya pumzi hizo.

Kwanza mzigo. Tangi la Air Tractor AT-802 hubeba lita 3,000 hivi. Mkono husogeza wenzo, mlango wa chini ya tangi hufunguka, dawa yote huporomoka kwa sekunde chache. Wahenga walionya kuwa maji yakimwagika hayazoleki. Kwake yeye, kumwaga ndiko kuokoka.

Ndege iliyopungua uzito humpa kimo kidogo, naye hukitumia kuchagua pa kutua. Hapo mwili wote humsihi avute pua juu, aikimbie ardhi. Ustadi ni kuikaidi hofu hiyo na kuishusha pua, kwa sababu mwendo ukiisha, mabawa hayabebi tena kitu. Hageuki kurudi kiwanjani hata akikiona: kona ya chini na ya polepole imewaua wengi. Hutua mbele yake, akiukabili upepo ikiwezekana, akifuata matuta badala ya kuyakata. Miti ikimzuia, hupitisha kibanda chake katikati ya mashina mawili na kuyaachia mabawa yapokee kishindo.

Waundaji wa ndege hizi nao walifikiri hivyo hivyo. Fred Weick, aliyebuni ndege ya Ag-1 huko Texas mwaka 1950, baadaye alibuni pia Piper Pawnee. Humo tangi liliwekwa kati ya injini na rubani, naye akaketishwa juu, nyuma, ili vyuma vya mbele vikunjike kabla ya mtu kufikiwa.

Mafundi wengi twawasifu kwa walichojenga. Huyu hasara zake zina mpangilio: mzigo, kimo, mabawa; mwendo huuachilia mwisho kabisa, akishagusa udongo. Mwenye ndege atahesabu vyuma vilivyopinda. Anayeijua kazi atauliza kwanza kama rubani alishuka kwa miguu yake.