Kabati Lililotokana na Piano: Namna ya Kulipima

Usianze na vanishi. Kabati lililoundwa kwa piano kuukuu ya kusimama hukaguliwa nyuma kwanza, kwa kuchuchumaa na kutazama pembe za chini. Nyaya za piano hupita 200, na kwa pamoja huvuta kwa nguvu ya karibu tani 18. Chuma cha kusubu kilichobeba mvutano huo ndicho chenye sehemu kubwa ya uzito, na kikishatolewa sanduku hulegea. Fundi hodari hulegeza nyaya kidogo kidogo, huku na huku, ndipo akatoa chuma. Kisha huweka mihimili mipya, na mimi hupenda ya mninga, ambao misitu ya Manyoni haijaunyima mkoa wetu wa Singida. Lisukume kabati kwa pembeni, likiyumba, liache.

Mtihani mkali zaidi ni kiangazi cha Singida. Mvua huanza Novemba, hukoma Aprili au Mei, kisha upepo mkavu huvuma miezi mingi na mbao husinyaa. Rafu iliyogandishwa kwa gundi pande zote mbili hupasuka, kwani haina pa kusogea. Ninaisifu ile inayoteleza kidogo kwenye mfereji wake. Gonga pia milango kwa kifundo cha kidole. Sura nzuri ya piano kwa kawaida ni ubao mwembamba wa thamani uliobandikwa juu ya mbao nyingine kwa gundi ya ngozi. Mlio mtupu maana yake umeachia, na msasa mzito utakuwa umeumaliza. Heri mikwaruzo ya zamani kuliko ubao uliotobolewa kwa kung'arishwa.

Vitufe vyeupe vya piano, kama fundi amevitumia kwenye kabati, vitazame kwa mwanga wa ubavuni. Mistari laini kama ya nyuzi, na kiungio chembamba kinachokata kitufe vipande viwili, ni alama za pembe ya ndovu; plastiki kwa kawaida haina. Karne ya 19 misafara ilibeba pembe kutoka bara, ikapita Ugogo hadi pwani, na nyingi zilitoka Zanzibar kwenda viwanda vya vitufe vya Connecticut, Marekani. Tangu uamuzi wa kimataifa wa 1989 biashara hiyo imefungwa, na hapa nchini kumiliki pembe bila kibali ni kosa. Hata fundi awe amezipanga vizuri namna gani kwenye vishikio vya droo, usilipe kabla ofisa wanyamapori hajaziona.