Istilahi "Mstari wa Pwani" katika Picha za Setilaiti

Tangu Marekani iliporusha, Julai 1972, setilaiti ya kwanza ya mfululizo ulioitwa baadaye Landsat, picha za dunia kutoka angani zimekuwa nyenzo ya kawaida katika idara za ardhi, misitu na uvuvi, na hata madarasani. Pamoja nazo yamekuja maelezo ya tafsiri, na humo twakuta mara kwa mara istilahi "mstari wa pwani". Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba istilahi hiyo ina kasoro, na kwamba kasoro yenyewe si ya lugha peke yake.

Neno "pwani" limetokana na kitenzi "pwa". Pwani ni mahali pa kupwa. Basi kwa asili si mstari, bali ni eneo lenye upana, ambalo maji hulifunika yanapojaa na kulifunua yanapokupwa. Huko Paje na Jambiani, mashariki ya Unguja, eneo hilo ni mwendo mrefu wa miguu.

Setilaiti haingoji maji. Landsat hupita juu ya Unguja yapata saa nne asubuhi. Siku za bamvua, saa hiyo maji yamekupwa. Siku za maji mafu, saa iyo hiyo maji hukaribia kujaa. Mtu akiziweka sambamba picha mbili za namna hiyo, ataona bahari imemeza ardhi, ilhali huenda hata chembe ya mchanga haikuhama. Mfasiri aandikapo chini yake kwamba mstari wa pwani umehama, amefanya jambo la kila siku kuwa msiba. Na siku mmomonyoko wa kweli utakapoangusha minazi, maneno yatakuwa yamekwisha nguvu.

Hasara ya pili ni ya mkulima. Tangu kilimo cha mwani cha biashara kilipoanza Unguja mwaka 1989, wakulima, wengi wao wanawake, wamekuwa wakipiga vigingi na kufunga kamba katika eneo hilo hilo la kupwa na kujaa. Katika picha zenye ubainifu wa kutosha, mashamba yao huonekana kama viraka vya giza ndani ya maji. Lakini ramani yenye mstari mmoja hugawa kila kitu kuwa ama ardhi ama bahari. Shamba la mwani halimo katika ardhi, wala bahari tupu silo. Afisa atakayegawa viwanja kwa ramani hiyo hatamwona mwenye shamba.

Wapo wanaopendekeza "ufuko" au "mwambao". Ufuko ni wa mchanga, haufai penye mikoko na miamba. Mwambao ni nchi nzima ikabiliayo bahari. Wengine watasema kwamba "mstari wa pwani" ni fupi na umekwisha zoeleka. Ufupi ni sifa njema ya istilahi, lakini hautangulii usahihi.

Kwa hiyo tunapendekeza yafuatayo. Mstari uonekanao katika picha uitwe "ukingo wa maji", na uandikwe pamoja na tarehe, saa na hali ya maji. Mistari ya kudumu ya ramani iitwe "mpaka wa maji kujaa" na "mpaka wa maji kupwa". Neno "pwani" libaki kuwa jina la eneo lililo baina ya mipaka hiyo. Na "kuhama kwa pwani" kutajwe pale tu zinapolinganishwa picha za hali moja ya maji, katika miaka mbalimbali.

Hapana neno hata moja hapo lililohitaji kubuniwa. Wavuvi na wakulima wa mwani wanayatumia maneno kupwa, kujaa, bamvua na maji mafu kila mwezi. Lililobaki ni wafasiri na walimu kuyapokea katika maandishi, na maafisa kuyadai katika kila ramani iletwayo mezani kwao.