Poromoko la Sakura: Jinsi Baiskeli Inavyoshushwa Mwambani

Tarehe 26 Julai 2021, katika mzunguko wa kwanza wa mbio za baiskeli za milimani za Olimpiki ya Tokyo, Mathieu van der Poel alifika ukingoni mwa poromoko la mawe lililopewa jina la Sakura. Gurudumu lake la mbele likazama, mkia wa baiskeli ukanyanyuka, naye akarushwa juu ya usukani na kutua kwa kishindo. Mholanzi huyu si mtu wa kubahatisha. Mwishoni mwa Juni na mwanzoni mwa Julai alikuwa amevaa jezi ya njano ya Tour de France kwa siku 6, kisha akaziacha mbio hizo njiani ili ajiandae kwa siku hii. Aliinuka, akaendelea na maumivu yake, mwisho akajitoa. Tom Pidcock wa Uingereza, kijana wa miaka 21 ambaye wiki chache tu nyuma alikuwa amevunjika mtulinga, alishuka poromoko hilohilo salama na kutwaa dhahabu, sekunde 20 mbele ya Mathias Flückiger wa Uswisi.

Tofauti ya watu hawa wawili pale mwambani haikuwa ujasiri, wala haikuwa kipaji. Ilikuwa ubao. Siku za mazoezi palikuwa na ubao wa kuteremkia uliowekwa juu ya poromoko lile, mtu akaweza kubiringika nao taratibu hadi chini. Siku ya mashindano haukuwepo. Van der Poel alieleza baadaye kwamba alidhani bado upo.

Hapo ndipo somo lote lilipo. Tunazoea kusema fulani anashuka vizuri kwa sababu haogopi, na fulani hashuki kwa sababu ana woga, kana kwamba ujasiri mtu huzaliwa nao. Mimi naona kujiamini juu ya baiskeli kunatokana na mambo mawili: kujua kilichopo mbele yako leo, na mwili kuwa umezoea tendo linalotakiwa hapo. Van der Poel alikuwa na la pili kwa wingi kuliko karibu kila mtu duniani. La kwanza likamponyoka, na likatosha kumwangusha.

Tuangalie kinachotokea ukingoni. Gurudumu la mbele likishavuka ukingo, halina kitu cha kulibeba, ilhali la nyuma bado liko juu ya mwamba. Kwa muda huo baiskeli inajiinamisha mbele. Muda wenyewe unategemea mwendo. Kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma kuna kama mita 1.15. Ukienda kilomita 18 kwa saa, gurudumu la nyuma linafuata baada ya robo ya sekunde hivi. Ukienda kilomita 9 kwa saa, ni karibu nusu sekunde. Na kitu kinachoanguka hakishuki kwa mwendo mmoja: muda ukiongezeka mara mbili, umbali wa kushuka huongezeka karibu mara nne. Kwa hiyo mwendo wa pole unaofaa kabisa juu ya ubao unageuka mtego ubao ukiondolewa. Ubao unataka ubiringike, uzito ukikaa katikati, magurudumu yakigusa mbao muda wote. Mwamba mtupu unataka ama mwendo wa kutosha, ama tendo la makusudi la kuizuia pua ya baiskeli isizame. Van der Poel alijiandaa kwa tendo la ubao akakutana na la mwamba.

Tendo hilo la makusudi ndilo linalostahili kufundishwa kwa uangalifu, maana linafundishwa vibaya karibu kila mahali. Anayeanza huambiwa, "Jivute nyuma." Anajivuta, makalio yanafika juu ya tairi la nyuma, mikono inanyooka kabisa. Sasa hana tena cha kunyoosha. Gurudumu la mbele likishuka, usukani unamvuta kifuani kwenda mbele, na balaa aliyokuwa akiikimbia inampata. Hata akipona hapo, gurudumu la mbele limekosa uzito na halishiki kona inayofuata. Ushauri huo umevunja mifupa ya watu wengi, nami ningependa uachwe.

Njia iliyo sahihi inaanza kabla ya ukingo. Unasimama juu ya pedali, zote mbili zikiwa usawa mmoja, visigino vimeshuka kidogo, magoti na viwiko vimekunjika, kifua kimeinama karibu na usukani. Tandiko liwe chini; washindani wengi siku hizi wana nguzo ya tandiko inayoshuka kwa kubonyeza kitufe, na asiye nayo ashushe kwa spana kabla ya kuanza. Breki zinafanya kazi yake yote mapema. Ukingoni vidole viko juu ya breki lakini haviminyi, kwa sababu gurudumu la mbele lililofungwa na breki wakati wa kutua linasimama palepale, nawe unaendelea bila baiskeli. Kisha, gurudumu la mbele linapofika hewani, unaisukuma baiskeli mbele kwa mikono na miguu kwa pamoja. Nyonga zinabaki nyuma kwa sababu baiskeli imetangulia, wala si kwa sababu wewe umekimbilia nyuma. Unatua ukiwa na viungo vilivyonyooka nusu, ndipo vikunjike na kumeza kishindo. Macho yako muda huu wote yako pale utakapotua, na mara tu ukitua yako mbele zaidi.

Mtu hajifunzii tendo hili kwenye mwamba. Ukingo wa barabara wenye kimo cha sentimita 15 unatosha kabisa. Ushuke kwa mwendo wa mtu anayetembea haraka, rafiki akikurekodi kwa simu kutoka ubavuni, kisha utazame picha: magurudumu yametua pamoja, au la mbele limetangulia kwa kishindo? Lirudie hadi yatue pamoja kila safari bila kulifikiria. Ndipo uende kwenye kimo maradufu. Ukichoka, rudi kwenye kile kidogo, maana mwili uliochoka unajifunza makosa. Tairi nazo zina neno. Zisizo na tyubu washindani huzijaza paundi 20 hadi 25 tu kwa inchi ya mraba ili zishike mawe. Zako zikiwa na tyubu, kama nyingi za kwetu, zijaze zaidi ya hapo, la sivyo tyubu itabanwa kati ya rimu na jiwe na kutoboka.

Halafu kuna ukaguzi, na hapa ndipo wengi tunakuwa wavivu. Shuka kwenye baiskeli, tembea hadi ukingoni, halafu teremka chini ukalitazame poromoko kutokea upande wa kutua, kwa kuwa kutokea huko utaona mizizi na mawe yaliyolegea ambayo juu hayaonekani. Fanya hivyo siku ileile unayotaka kushuka, hata kama juzi ulishapita. Mvua moja inahamisha mchanga, mtu mwingine anaondoa gogo, msimamizi wa njia anatoa ubao. Njia ya Izu, ambako mbio zile za Olimpiki zilifanyika, ilichorwa na Nick Floros wa Afrika Kusini, na kila mzunguko wake ulikuwa wa karibu kilomita 4 tu, kwa hiyo uliweza kukaguliwa jiwe kwa jiwe. Bado ubao mmoja ukaleta hasara ile.

Siku iliyofuata palepale Izu, mvua ikiwa imeilowesha njia, Jolanda Neff wa Uswisi alishinda mbio za wanawake, wenzake Sina Frei na Linda Indergand wakimfuata. Desemba 2019 Neff alianguka vibaya akiwa mazoezini Marekani: bandama ilipasuka, ubavu ulivunjika, na pafu moja likasinyaa. Juni 2021 akavunjika mkono huko Leogang, Austria, wiki kama sita kabla ya Olimpiki. Angeweza kutafuta ushindi kwenye milima ya kupanda, ambako hakuna wa kumlaumu. Badala yake aliongoza tangu mzunguko wa kwanza, baada ya Pauline Ferrand-Prévot wa Ufaransa kuteleza mbele yake kwenye mwamba uliolowa na kulazimika kukanyaga chini. Neff alimpita hapohapo, na tangu hapo hakuna aliyemfikia.