Kina cha Mkwaruzo katika Rangi ya Gari

Aghalabu mtu aonapo mkwaruzo ubavuni mwa gari lake huutazama urefu wake, akahuzunika kwa kadiri ya urefu huo, ilhali urefu haukati shauri lolote katika kuutengeneza. Jambo lenye kukata shauri ni kina, nacho hupimwa kwa kipimo kidogo mno. Rangi yote ya gari litokalo kiwandani, tangu bati hata juu kabisa, aghalabu ina unene wa mikroni 100 hadi 150 hivi, yaani unene wa unywele mmoja wa binadamu au nywele mbili, na ndani ya unene huo mmepangwa matabaka manne yenye kazi mbalimbali. La chini hulazwa juu ya bati kwa nguvu za umeme, bodi nzima ikiwa imezamishwa katika birika, nalo ndilo ngao ya kuzuia kutu. Juu yake huja praima ya kusawazisha uso, mara nyingi ya kijivu. Kisha huja rangi yenyewe, ambayo ni nyembamba kuliko watu wengi wanavyodhani, mikroni 15 au 20 tu. Na juu ya yote huja tabaka ling'aalo lisilo na rangi, ambalo mafundi wa gereji huliita klia, lenye mikroni 40 au 50.

Katika elimu hii yote ninalolishikilia kwa yakini ni moja: kwamba mkwaruzo ulio ndani ya klia hautibiwi kwa kuongezwa kitu, bali kwa kupunguzwa. Uso ulio kando zake mbili hushushwa kidogo kidogo mpaka ukalingana na chini ya mfereji, na hapo mfereji hutoweka kwa kuwa kingo zake zimetoweka. Kila msuguo, basi, hula klia, wala klia iliyoliwa hairudi. Na kwa kuwa klia ndiyo iikingayo rangi na ukali wa jua, wajuzi wengi huchukia kuondoa zaidi ya mikroni 10 hivi mahali pamoja. Mwenye kuipunguza kupita kiasi hufurahia mng'ao wa leo, kisha baada ya miaka michache huona klia imefifia na kubanduka kama ngozi ya nyoka.

Nilipata fursa ya kuyaangalia haya kwa karibu katika gari la jirani yangu mmoja wa Tanga, Toyota ya rangi ya fedha, ambalo mlango wake wa nyuma ulikwaruzwa na ncha ya usukani wa baiskeli. Mkwaruzo huo ulikuwa na manufaa makubwa kwa mwenye kutaka kujifunza, kwa sababu ulianza hafifu karibu na kitasa, ukazidi kuzama ulipoelekea nyuma hata ukafichua kijivu cha praima, na mwisho wake, pale ncha ilipokwama kabla ya kuachia, palikuwa na doa dogo mithili ya kichwa cha pini, lililofika kwenye bati na kuanza kushika wekundu wa kutu. Alama ilikuwa moja, ila maradhi yalikuwa matatu.

Kupambanua maradhi hayo hakuhitaji chombo cha thamani. Kwanza hupitishwa ukucha juu ya mkwaruzo kwa kuukingama: usipokwama, mkwaruzo ni wa juujuu. Pili hupakwa maji: mkwaruzo ukitoweka ungali umelowa, kisha ukarudi unapokauka, basi haujaitoka klia. Weupe tuuonao ndani ya mkwaruzo wa namna hiyo si rangi, bali ni nuru iliyotawanywa na kingo zake. Maji yakiujaza, nuru hupita karibu kama ipitavyo katika klia nzima, na weupe hukoma. Kijivu cha praima hakidanganyiki kwa maji, wala bati.

Sehemu ya kwanza ilitengenezwa baada ya mlango kuoshwa vema kwa maji na sabuni, maana punje moja ya mchanga iliyobaki chini ya kitambaa huzaa mikwaruzo mipya, na gari likawekwa kivulini mpaka bati likapoa, kwa sababu katika jua letu kompaundi ya kusugulia hukauka kabla haijafanya kazi. Kanuni ni kuanza na kilicho laini, na kukiendea kilicho kikali pale tu ambapo laini kimeshindwa. Polishi ilishindwa, kompaundi ikapunguza nusu, ndipo ukatwaliwa msasa wa maji namba 2000, ukalowekwa, ukazungushiwa kipande bapa cha mpira ili vidole visichimbe mabonde, ukapitishwa polepole kwa maji yenye tone la sabuni. Hapa jicho sharti litazame maji yanayochuruzika. Maadamu ni meupe kama maziwa mepesi, kinacholiwa ni klia. Yakigeuka kuwa na rangi ya gari, msasa umekwisha kuipita klia, wala hakuna polishi duniani itakayoirudisha. (Gari lisilokuwa na klia, kama yalivyo mengi ya zamani, hutia kitambaa rangi tangu mara ya kwanza, na hilo lijulikane mapema.) Mgongo wa mlango, pale bati lilipokunjwa, ulifunikwa kwa tepu ya karatasi, kwa kuwa penye mikunjo rangi huwa nyembamba na mkono huelemea zaidi. Msasa ulipokwisha kazi yake mahali pale palififia kama kioo kilichopuliziwa pumzi, ikaingia namba 3000, kisha kompaundi, kisha polishi, na mng'ao ukarudi.

Wapo wasifuo dawa ya meno kwa kazi hii. Si uzushi mtupu, kwani dawa hiyo ina chembe za kusugua, na mikwaruzo hafifu sana huipunguza. Lakini chembe zake zilipimwa kwa ajili ya meno, nayo haifui dafu mbele ya mkwaruzo unaokamata ukucha.

Sehemu ya pili haikuwa na haja ya kusuguliwa hata kidogo, kwani penye praima tupu hakuna klia ya kushushwa. Hapo hutakiwa kujaza. Alama ya rangi husomwa katika kibati cha gari, ambacho katika Toyota huwa kwenye nguzo ya mlango au ndani ya boneti, mbele ya herufi C/TR. La jirani lilikuwa 1F7, na muuza rangi akaichanganya kwa mizani na kuitia katika kichupa chenye brashi. Lau gari lingekuwa jeupe la 040, kazi ingalikuwa nyepesi. Rangi ya fedha ina vipande vidogo vya alumini ambavyo, vikipulizwa kwa bomba, hulala kwa taratibu na kurudisha nuru kwa pamoja. Vikipakwa kwa brashi hulala ovyo, na kiraka kikaonekana cheusi ukisimama huku na cheupe ukisimama kule. Kwa sababu hiyo brashi ya kichupa iliachwa, ikatumiwa njiti ya kiberiti iliyochongwa ncha, na rangi ikatiwa ndani ya mfereji tu, tone kwa tone, baada ya mfereji kusafishwa kwa spiriti. Rangi hunywea kadiri thina inavyotoka, kwa hivyo ilirudiwa kila ilipokauka, na mwisho ikafuatwa na klia mpaka ikatuna kidogo juu ya uso wa mlango.

Tone la kwanza lilifurika nje ya mfereji, nalo likafutwa kwa kitambaa chenye thina kidogo bila ya kudhuru mlango. Jambo hili liliwezekana kwa kuwa rangi ya kiwandani huokwa katika joto la nyuzi 140 hivi za Selsiasi, ikashikamana kiasi cha kustahimili thina ya kupita, na rangi ya kichupa hukauka kwa hewa tu. Hata hivyo magari mengi yatufikiayo yamekwisha tumika Japani, na mengine yamepigwa rangi upya njiani. Thina ijaribiwe kwanza mahali pasipoonekana.

Doa la bati ndilo dogo kuliko yote, nalo ndilo lililotangulia kushughulikiwa, kwa kuwa hewa ya pwani ina chumvi, na kutu ikipata upenyo hutambaa chini ya rangi nzima na kuinua malengelenge mbali na ilikoingilia. Lilikwanguliwa kwa ncha ya sindano hata bati likang'aa, likatiwa praima ya chuma siku ile ile, ndipo rangi ikafuata. Ilichaguliwa siku kavu, maana katika unyevu wa masika thina ikitoka hupoza uso, umande ukanasa juu yake, na rangi ikageuka ya ukungu.

Baada ya wiki moja matuta yalisawazishwa kwa msasa wa 2000 uliokunjwa mdogo sana, ukigusa tuta peke yake, yakapigwa polishi. Nta ikacheleweshwa mwezi mzima ili thina iliyobaki ipate njia ya kutoka. Ukisimama mbele ya mlango huoni kitu. Ukisimama kando jua likiwa chini, waona uzi mwembamba wenye giza kidogo pale palipokuwa na praima. Jirani aliridhika, nami nilimuunga mkono, kwani kuuondoa uzi huo ni kuupiga mlango mzima rangi, na kwa rangi ya fedha hapana budi kuifululiza mpaka kwenye bati linalopakana na mlango ili tofauti isionekane. Fauka ya hayo, klia ya kuchanganywa na kigumishi ina isosayaneti, ambazo zikivutwa hudhuru mapafu na huweza kuleta pumu isiyopona. Kuipulizia uani, watoto wakipita, ni hatari isiyolingana na uzi mmoja ubavuni mwa gari. Kazi hiyo aachiwe fundi mwenye chumba cha kupulizia na barakoa iletayo hewa safi kutoka nje.