Kitanzi cha Ndani, Lawama kwa Faiba

Mtaro ule haukustahili kuchimbwa. Kisa ni hiki: kiungo cha 10G kati ya majengo mawili kimekufa, fundi anawasha kitanzi cha ndani (loopback) kwenye poti ya swichi, poti inapanda, pakiti 1000 zinakwenda na kurudi bila hitilafu hata moja. Akaandika: swichi nzima, faiba imekatika. Udongo ukafukuliwa, faiba ikakutwa salama. Iliyokufa ni leza ya SFP, moduli ya mwanga iliyochomekwa kwenye poti.

Swichi nzima kwa ushahidi gani? Kitanzi cha ndani hugeuza ishara kwenye chipu. Zile pakiti hazikuigusa leza, hazikupita kwenye SFP, wala hazikuliona vumbi kwenye ncha ya faiba. Leza iwe hai au iwe imekufa, majibu yangekuwa yale yale. Kipimo ambacho hakiwezi kumtia hatiani mtuhumiwa hakiwezi pia kumsafisha, na fundi alikitumia kumsafisha mmoja na kumfunga mwingine. Hata dBm za leza hakuzisoma, na swichi yenyewe huzionyesha kwa amri moja!

Alichohitaji ni faiba fupi ya kuunganisha Tx na Rx ya moduli ileile. Hapo poti ingegoma kupanda, na mshtakiwa angejulikana kabla ya koleo kuazimwa. Ingepanda, angehamia kwenye paneli na kufunga kitanzi hapo, kisha paneli ya jengo la pili. Poti inapogoma, ugonjwa uko kwenye kipande ulichokiongeza mwisho.

Kwa haki yake, pakiti zenyewe alizituma vizuri: aliweka ARP ya kudumu inavyotakiwa, na ujumbe wa TTL kuisha, ambao ni kawaida pakiti zikizunguka kwenye kitanzi, haukumbabaisha. Kosa lilikuwa mahali alipofunga kitanzi.

Mafundi wa E1 wa enzi za mashirika ya posta na simu wasingekubali ripoti ile. Kwa laini ya 2.048 Mb/s walifunga kitanzi kwenye fremu yao ya kuunganishia nyaya, wakapima makosa ya biti, kisha wakampigia mwenzao wa kituo cha pili afunge cha kwake. Kebo haikulaumiwa mpaka kitanzi kiwe kimeivuka.

Na nitarudia ninalolisema kila mara kuhusu swichi za Catalyst za Cisco. Ukifunga kitanzi cha nje kwenye poti yenye keepalive iliyowashwa, swichi hupokea fremu yake yenyewe ya keepalive na kuizima poti kwa err-disable. Wapo wanaoandika "poti mbovu" hapohapo, ilhali fremu imetoka, imezunguka na imerudi: poti imefaulu! Wengine huzima spanning tree ili wasisumbuliwe, itifaki aliyoibuni Radia Perlman mwaka 1985 kwa ajili ya hatari hiyohiyo ya vitanzi, halafu wanasahau kuiwasha.

Onyo la mwisho kuhusu kitanzi cha nje: moduli za ZR za kilomita 80 msizifunge kitanzi mikono mitupu. Leza zake hufika +4 dBm, na kikomo cha vipokezi vyake ni -7 dBm. Wekeni kipunguza nguvu cha 15 dB kwanza, ndipo mchomeke.