Gumba na Shahada

Wapenzi wa jazi tukikutana, kila mtu huja na santuri anayoiamini. Hakosi atakayeleta The Incredible Jazz Guitar ya Wes Montgomery, ya mwaka 1960, tumsikie Mmarekani aliyeliachia gumba lake kazi yote ya mkono wa kulia. Zamu yangu ikifika naendelea na gumba hilohilo, ila nawarudisha nyuma miaka minane, hadi Likasi, huko Katanga.

Mji wakati huo uliitwa Jadotville, mji wa shaba wa kampuni ya Union Minière. Hapo ndipo mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika na mitambo yake ya kurekodi, alipomrekodi kijana Mwenda Jean Bosco na gitaa lake kavu. Wimbo wake "Masanga" ukatoka kwenye santuri ya Gallotone, zile nzito za mizunguko 78 kwa dakika, zenye nafasi ya dakika tatu hivi kila upande.

Dakika tatu hizo zinataka subira. Mara ya kwanza sikio hukimbilia nyuzi nyembamba, maana huko ndiko kidole cha shahada kinakochezea, na huko kuna utamu wa wazi. Mimi humwomba mgeni aachane nako. Fuata gumba. Wapigaji wengi hulipa gumba kazi ya kushika mwendo tu, lipande na kushuka kwenye nyuzi nene bila neno. La Mwenda lina neno. Linaanza sentensi, linainyamazia katikati, shahada inaimalizia juu, na kabla haijafika mwisho gumba limeshaingia na nyingine, kama wazee wawili waliozoeana wasiohitaji kusubiriana. Ukihesabu mbili-mbili hesabu inakubali. Ukihesabu tatu-tatu inakubali pia, na muziki wenyewe haujayumba. Vidole viwili tu, na hakuna wa kumsaidia: hakuna besi, hakuna ngoma.

Kinachonishangaza zaidi ni alichokiacha. Mkono wenye uwezo ule ungeweza kujaza kila upenyo, lakini Mwenda anauachia uzi ulie hadi mwisho wake, ndipo aguse mwingine. Kasi inafundishika. Kujua noti gani isipigwe ni jambo lingine kabisa, na naliweka sawa na lolote lililofanywa na wakubwa wa jazi.

Wataalamu waliliona. David Rycroft aliandika kwa noti namna Mwenda anavyopiga na kubuni, katika jarida la African Music, mwaka 1961 na 1962. John Low, mpiga gitaa Mwingereza, alifunga safari hadi Shaba, kama Katanga ilivyoitwa enzi hizo, ili ajifunze kwa wenyewe. Lakini kabla yao wapo vijana wengi wa Afrika Mashariki waliojifunza kwa kuirudisha sindano palepale, tena na tena, mpaka santuri ikachakaa.

Sisi tunaobadilishana santuri hubishana kuhusu albamu aliyorekodi Cape Town mwaka 1988, miaka miwili kabla ya kifo chake. Wapo wanaosema studio imemsafisha kupita kiasi. Sikubaliani nao. Kwa anayetaka kujifunza, hiyo ndiyo ya kumpa, kwa kuwa kila uzi unasikika peke yake na gumba halijifichi. Ya 1952 mpe anayetaka kupenda kwanza.

Akishapenda, mpe Edouard Masengo, ndugu yake Mwenda, ambaye kwake sauti ya mwimbaji hutangulia na gitaa hufuata kwa adabu. Kisha vuka naye hadi Kenya, kwa George Mukabi: gumba na shahada tena, chupa ya soda ikigongwa pembeni, na mwendo ulio mwepesi kuliko wa Katanga. Hapo mwache achague mwenyewe.