Bunduki Fupi na Tulivu: Jinsi Silaha ya Upepo Inavyochaguliwa kwa Panya wa Mabandani

Bunduki ya upepo husukuma risasi kwa hewa iliyobanwa badala ya baruti. Nchini Uingereza ndiyo silaha ya kawaida dhidi ya panya wa kahawia kwenye mabanda ya ng'ombe na maghala ya nafaka, dhidi ya kindi wa kijivu anayebambua magome ya miti, na dhidi ya sungura kwenye malisho. Umbo lake la leo limetokana kwa sehemu kubwa na sheria. Chini ya Sheria ya Silaha ya mwaka 1968 na kanuni zilizofuata mwaka 1969, bunduki ya upepo ambayo nishati yake haizidi futi-pauni 12 mdomoni mwa mtutu, yaani jouli 16.27, haihitaji hati ya polisi katika England na Wales. Scotland imedai kibali tangu tarehe 31 Desemba 2016, na Ireland ya Kaskazini hudai hati kwa bunduki yoyote inayozidi jouli 1. Kila mahali, anayewinda lazima awe na ruhusa ya mwenye ardhi.

Jouli 16 ni kidogo. Bunduki ndogo ya baruti ya kaliba .22 hutoa zaidi ya jouli 100. Kwa hiyo bunduki ya upepo huua kwa usahihi, na shabaha yenyewe ni finyu: eneo kati ya jicho na sikio la panya, lenye upana wa sentimita 2 hivi. Risasi ikipiga hapo mnyama hufa papo hapo. Ikimpata tumboni, hukimbilia shimoni na kufa kwa mateso. Uchaguzi wa bunduki unapaswa kuanzia kwenye sentimita hizo mbili na kwenye umbali ambao panya huonekana kweli. Katika banda la ng'ombe umbali huo mara nyingi ni kati ya mita 6 na 25, usiku, kutoka kwenye kona iliyobanwa na mageti, mabomba na marobota ya majani.

Kona hiyo ndiyo inayodai bunduki fupi. Na kwa kuwa panya hutoka kwa makundi, huku ng'ombe wakiwa wamelala hatua chache tu na nyumba ya mkulima ikiwa ng'ambo ya ua, bunduki inatakiwa pia iwe tulivu. Wanunuzi huzitaja sifa hizo mbili kwa pumzi moja kana kwamba ni ndugu, ilhali kifizikia zinavutana.

Nishati ya risasi hutokana na nguvu inayoisukuma, mara umbali inaosukumwa. Msuguano ukiwekwa kando, mtutu wa milimita 5.5 wenye urefu wa sentimita 40 unahitaji shinikizo la wastani la takriban bar 17 ili kuifikisha risasi kwenye jouli 16.27. Mtutu huo ukifupishwa hadi sentimita 25, wastani hupanda hadi bar 27, kwa sababu kazi ileile sasa inafanywa katika safari fupi zaidi. Hewa hiyo yote hutoka mdomoni mara risasi inapotoka, na kadiri inavyotoka ikiwa bado na shinikizo kubwa ndivyo mlio unavyokuwa mkali. Mtutu mfupi pia hula hewa zaidi kwa kila risasi. Kwa hiyo bunduki iliyofupishwa kwa kukatwa mtutu tu imenunua sentimita kwa kelele.

Hesabu hiyohiyo inaeleza kwa nini kaliba ina uzito katika suala la mlio. Kitako cha risasi ya milimita 4.5 kina eneo la theluthi mbili tu ya kile cha milimita 5.5, hivyo katika mtutu uleule wa sentimita 40 wastani wa shinikizo unaohitajika hukaribia bar 26. Kaliba kubwa hupata nguvu zake kwa upole zaidi. Risasi ya milimita 5.5 yenye uzito wa gramu 1.03 hufikia kikomo cha sheria kwa mwendo wa mita 177 hivi kwa sekunde, na ile ya milimita 4.5 yenye uzito wa gramu 0.55 kwa mita 243 hivi. Zote ziko mbali chini ya mwendo wa sauti, ambao ni takriban mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo hakuna mpasuko angani unaoifuata risasi njiani. Hiyo ndiyo faida kubwa ya kikomo cha Uingereza kwa anayetaka ukimya: kelele inayobaki ni ile ya mdomo wa mtutu, ya mitambo, na ya risasi kugonga.

Baada ya hapo huja chanzo cha nguvu. Bunduki ya springi haina mtungi wala pampu: mkono hukaza springi, kifyatulio huiachia, na pistoni hukimbia mbele ikiibana hewa nyuma ya risasi. Ni imara, hudumu miaka mingi, na iko tayari wakati wowote. Mdomoni haina kelele nyingi kwa kuwa hewa yenyewe ni kidogo. Mlio wake ni wa pistoni na springi, na humfikia mpigaji kupitia kitako hadi kwenye shavu, hata akaamini ni mkubwa kuliko panya anavyousikia. Udhaifu wake ni mtikiso. Pistoni inapoanza kwenda mbele bunduki hurudi nyuma, na inapogota mwishoni bunduki husukumwa mbele, yote kabla risasi haijatoka mtutuni. Ndiyo maana bunduki ya springi iliyoegemezwa kwenye bomba la geti hupiga mahali tofauti na ileile iliyoshikwa kwa kiganja laini. Kuikaza nako kunahitaji nafasi ya kukunja mtutu au kuvuta wenzo, na kwenye kona ya banda nafasi hiyo haipo. Bunduki zinazotumia pistoni ya gesi badala ya springi ya chuma hupunguza mtetemo na kelele za waya, lakini mtikiso na kazi ya kukaza hubaki.

Bunduki za gesi ya kaboni dioksidi ni fupi, nyepesi na za bei nafuu, ila hazifai usiku wa baridi. Shinikizo la gesi hiyo hutegemea halijoto: takriban bar 57 katika nyuzi 20 za Selsiasi, na bar 35 tu kwenye nyuzi 0. Bunduki iliyorekebishwa sebuleni itapiga chini zaidi bandani mwezi wa Januari, msimu ambao panya wamehamia ndani kwa wingi.

Chaguo lililoshinda ni bunduki ya hewa iliyojazwa kabla. Mtungi wake hujazwa kutoka kwenye chupa kubwa ya wapiga mbizi au kwa pampu ya mkono, kwa kawaida hadi bar 200 au zaidi kidogo. Kifyatulio kikivutwa, nyundo ndogo hugonga valvu, hewa kiasi hutoka, na bunduki karibu haitikisiki. Wazo hili si geni: jeshi la Austria lilikuwa na bunduki ya Girardoni, iliyobeba hewa yake kwenye kitako, tangu mwishoni mwa karne ya 18. Kilichobadilika ni usahihi wa valvu na regulata. Regulata hushikilia shinikizo moja katika chumba kidogo nyuma ya valvu, ili risasi ya kwanza na ya arobaini zitoke kwa mwendo unaolingana. Bila regulata mwendo hupanda kidogo kisha hushuka kadiri mtungi unavyopungua, na mpigaji lazima ajue ni sehemu gani ya geji anayoweza kuiamini. Kwa shabaha ya sentimita 2, gharama ya regulata ni halali.

Gharama ya mfumo huu ni mdomo wenye kelele. Bila kizuia sauti, bunduki ya hewa iliyojazwa hupasuka kama ubao uliovunjwa, na ndiyo iliyo kali kuliko zote. Kikifungwa kizuia sauti chenye vyumba na vizuizi vya kuipunguza kasi hewa inayotoka, huwa tulivu kuliko zote. Katika England na Wales kizuia sauti cha bunduki ya upepo iliyo chini ya kikomo hakihitaji hati. Lakini huongeza sentimita 15 au zaidi mbele ya mtutu, na urefu uliookolewa kwa kukata mtutu unarudi kupitia mlango huohuo. Anayepima bunduki dukani bila kizuia sauti amepima bunduki ambayo hatawinda nayo.

Muundo wa bulpapu ulijibu tatizo hili kwa njia nyingine. Mtutu haukatwi, unarudishwa nyuma pamoja na valvu na magazini hadi nyuma ya kifyatulio, chini ya shavu la mpigaji. Bunduki kama FX Wildcat ya Uswidi hupata hivyo urefu wa sentimita 70 hadi 80 na bado ina mtutu wa kutosha, wakati bunduki ya springi yenye mpangilio wa zamani huzidi mita moja. Uzito hukaa begani, na mtu anaweza kuinyanyua akiwa amesimama wima kati ya ukuta na trekta. Kuna mambo mawili ya kukagua kwa mkono kabla ya kulipa. Kifyatulio kiko mbali na nyundo, na huunganishwa nayo kwa fimbo ndefu. Kwenye bunduki zilizotengenezwa vizuri mvuto wake ni laini, kwenye nyingine hutambaa bila kuonyesha ni wapi utaachia. La pili ni wenzo wa kupakia: ukiwa karibu na shavu upande wa kulia, mpiga kwa mkono wa kushoto atasumbuka kila risasi.

Gharama nyingine ya bulpapu haionekani dukani kabisa, nayo huwapotezea wengi panya wao wa kwanza. Kwa kuwa shavu hulala juu ya mitambo, darubini hupandishwa, mara nyingi hadi sentimita 6 au 7 juu ya mstari wa mtutu. Chukua risasi ya milimita 5.5 na darubini iliyorekebishwa kwa mita 25. Darubini ikiwa sentimita 4 juu ya mtutu, katika mita 8 risasi hupiga chini ya alama kwa milimita 4 hivi, kosa lisilo na madhara. Darubini ikiwa sentimita 6.5 juu, katika mita hizohizo 8 risasi hupiga chini kwa sentimita 2. Katika mita 5 pengo hufikia sentimita 3 na nusu. Risasi bado haijapanda kuukuta mstari wa jicho. Mpigaji aliyelenga chini ya sikio atapiga zege, au mbaya zaidi, taya. Tiba ni kurekebisha darubini kwa umbali wa karibu zaidi pale ambapo panya wote wako karibu, kuchagua viambatisho vifupi vya darubini, na kujifunza ni alama ipi ya darubini inayolingana na kila umbali. Karabini ya kawaida, isiyo bulpapu, yenye darubini ya chini, kama Weihrauch HW100 fupi, ni ndefu kidogo lakini husamehe zaidi kwa karibu. Kwa banda ambalo panya hutokea miguuni mwa mpigaji, hiyo ndiyo bunduki bora kuliko bulpapu, hata kama haivutii vilevile.

Kwa kindi juu ya mti, umbali ni mita 25 hadi 35 na mambo hugeuka. Hapo risasi ya milimita 4.5 ina hoja: ikirekebishwa kwa mita 25, katika mita 35 hushuka sentimita moja na nusu hivi, wakati ile ya milimita 5.5 hushuka takriban sentimita 4. Kosa la mita chache katika kukadiria umbali haliadhibiwi sana. Bandani, ambako umbali unajulikana na unaweza kupimwa mchana, faida hiyo haina kazi, na milimita 5.5 hushinda kwa utulivu wake na kwa kutopenya kirahisi hadi ukutani.

Ukuta si jambo la pembeni. Risasi za mwendo huu hudunda zikigonga zege, jiwe au chuma, na banda limejaa vyote hivyo, pamoja na mabomba ya maji, nyaya na macho ya ng'ombe. Mlio wa risasi kugonga bati husikika mbali kuliko mlio wa bunduki yenyewe, na huwafukuza panya wote. Nafasi ya kupiga huchaguliwa ili nyuma ya shabaha kuwe na robota, udongo au gunia la mchanga. Hatua hiyo huleta ukimya mwingi kuliko kizuia sauti cha bei ghali.

Magazini ya risasi kadhaa ni ya lazima usiku, vidole vikiwa na ganzi ndani ya glavu. Hatari yake ni kupakia risasi mbili mtutuni kwa kuvuta wenzo mara mbili, kwa hiyo aina zenye kizuizi dhidi ya kosa hilo hupendelewa.

Hatua ya mwisho hufanyika kabla ya kuingia bandani. Kipima mwendo huthibitisha kwamba bunduki haizidi kikomo kwa risasi yoyote itakayotumiwa, kwani mwenye bunduki ndiye anayewajibika ikizidi, hata kama ilitoka kiwandani hivyo. Kisha aina tatu au nne za risasi za kichwa cha mviringo hujaribiwa kwenye karatasi, kwa kuwa mtutu mmoja hukubali aina moja na kuikataa nyingine bila sababu inayoonekana kwa macho. Risasi tano tano hupigwa katika mita 8, 15, 25 na 35, bunduki ikiwa na kizuia sauti chake, mpigaji akiwa amesimama au ameegemea kama atakavyofanya kazini. Umbali ambapo matundu matano hayaingii tena ndani ya sentimita 2 ndio mwisho wa bunduki hiyo kwa panya, mikononi mwa mtu huyo.